Sare Iliyoletwa Kupunguzwa

Siku fundi makochi alipomwona Sindano kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa anaupiga mateke mlango wa chumba cha pili. Kitasa kilikuwa kimegoma. Nyuma yake alisimama binti mrefu, amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga.

"Wewe mwenye misumari mdomoni! Unatazama sinema? Njoo usukume!"

Fundi alizoea kubana misumari midogo kwa midomo akiwamba makochi, na majirani walisema hiyo ndiyo dawa yake ya kukwepa mazungumzo. Akaitema, akaenda kusukuma. Tangu hapo wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta. Jina la Sindano alipewa na wateja: mwembamba, mkali, na akikuchoma umechomeka.

Binti alikuwa wa marehemu dada yake. Ndugu walipokaa kikao kujadili nani amchukue, Sindano aliondoka naye wao wakiwa bado wanajadili. Akamlea pamoja na binti yake wa kumzaa, aliyekuwa bado mdogo.

Binti alipoingia miaka kumi na mitano, akapoa. Akirudi shule alikaa kwenye kigoda, akafumua mishono bila neno. Siku moja fundi alimsikia akisema, "Nikiondoka utapumua, mama mdogo."

"Uondoke uende wapi? Nani atanitungia uzi?" Sindano akacheka, cherehani ikaendelea.

Jumamosi moja fundi alikwenda kuazima mkasi, akakuta meza imejaa nguo na Sindano amechangamka.

"Tazama mtoto mwenye moyo! Kaleta nguo zake zote nizipunguze zimtoshe mdogo wake. Eti yeye hazihitaji tena."

Juu ya rundo kulikuwa na sketi ya shule, imefumuliwa pindo na kukatwa ubavuni.

"Na sare?"

"Nayo kaitoa."

 Maneno kwa fundi yalikuwa kazi. "Sasa... Jumatatu atavaa nini?"

Mkasi ukasimama. Sindano akaiachia ile sketi kama imemuunguza, kisha akamwita binti, aliyekuwa uani anaanua nguo. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa hapo anasubiri suruali. Akamshika Sindano mkono.

"Shemeji, usimuulize mtoto habari za kufa. Utamtia wazo. Watoto hawa wanataka kuonwa tu."

"Wazo analo! Ndilo nililokuwa nalikata hapa kwa mkasi wangu mwenyewe. Na kama anataka kuonwa, basi leo ataonwa. Kaa kimya au toka."

Shemeji akatoka. Fundi naye alitaka kumfuata, Sindano akamnyooshea kidole: asimame mlangoni, asipite mteja. Binti alipoingia, Sindano akamkabili.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Binti akaangalia nyuzi sakafuni. "Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilipokuletea sare. Ningekuambiaje tena? Ungenigombeza."

"Ningekugombeza, kweli. Leo sikugombezi. Sema."

Akasema, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na Sindano hakumkatiza, yeye ambaye wateja hawakuwahi kumaliza sentensi mbele yake. Kisha akafunga duka mchana kweupe, wakaenda hospitali wameshikana mikono, wakipita katikati ya mtaa, si uchochoroni.

Muuguzi aliwaambia binti asiachwe peke yake, na warudi kila wiki. Wakarudi. Mtaa ukapata la kusema. Mteja mmoja aliomba binti asiguse kitambaa chake cha harusi, ana mkosi. Sindano akakikunja vizuri, akamrudishia. "Mkosi ni huo mdomo. Nenda kakishonee nao."

Sare akaiunga upya. Mshono ukaonekana ubavuni, na binti akaivaa hivyo hivyo. Zilikuwepo siku njema, zilikuwepo siku alikaa kigodani hana neno. Siku hizo Sindano alisimamisha cherehani akauliza tena swali lile lile, bila kuzunguka. Mara moja binti akamjibu, "Leo sivyo, mama mdogo. Leo nina njaa tu."

Walipopata chumba karibu na shule, fundi aliwasaidia kupakia meza kwenye mkokoteni. Majirani wakajaa milangoni kutazama. Sindano akamgeukia binti kwa macho ya kuuliza.

"Sema tu," binti akamwambia. "Si wanajua?"

Sindano akapaza sauti, kila mlango usikie: "Jirani, wakikuuliza habari zetu, usiwazungukie. Binti yangu alitaka kufa, tukamkatalia. Na bado tunamkatalia!"