Bibi kalifungia tela langu isale

Jamani, nimetekwa na bibi yangu mzaa baba!

Lile tela la watalii kulala porini, nililowaringia sana, nimelijengea hapa kihambani kwake Kibosho. Bodi ya alumini tupu, ribiti zimepangwa kama shanga. (Fundi Moshi nzima ni mimi. Mbishe tu.)

Leo dereva wa tajiri aliyeliagiza kaja kulichukua.

Kilichoniponza ni mdomo. Jana nililimwagia maji mbele ya majirani, nikajitapa: "Tone haliingii!"

Bibi alikuwepo. Paa la jiko lake linavuja tangu masika, na mimi kila siku namwambia kesho.

Sasa dereva anainama afunge tela kwenye gari, anakuta jani la isale limefungwa pale mbele. Akarudi nyuma kama kaona nyoka!

"Mangi, silivuti hili. Bibi yako anaomba kitu."

"Jani tu hilo, kaka!"

"Mchagga wa wapi wewe? Mtu akikuomba kwa isale unamkatalia?"

Bibi huyo, anatoka jikoni taratibu.

"Shikamoo bibi. Fungua basi, tajiri anasubiri."

"Marahaba, baba. Tone haliingii, eeh? Haya, panda."

Nimepanda! Alumini yote iliyobaki imeishia kwenye bati la jiko. Dereva yuko chini na kata ya pombe ya mbege: "Fundi wa Moshi nzima, umeruka tundu hapo!"

Tela limeondoka. Nikashusha pumzi.

Halafu namwona mama jirani anaelekea mpakani kwenye mimea ya masale, kisu mkononi, ananichekea.

Nani ananificha?