Nilivyokwenda Ulaya Kupitia Somanda

Sababu ya safari yangu ilikuwa Ulaya. Kabula, mwalimu wa kompyuta Bariadi na binti wa kaka yangu, alinipigia simu kwamba amepata miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unaingia mji wa mbali na kuongea na watu wa kila nchi. Mimi nauza dagaa Lamadi na pasipoti sina. Nikawaaga wenzangu sokoni.

Asubuhi nilipanda basi la Bariadi, nimevaa kitenge kipya. Kabla ya saa sita bodaboda ilikuwa imenishusha Somanda, mtaa anaokaa Kabula.

"Mwangaluka, shangazi," Kabula alinisalimu, akapiga goti kidogo. Akasogeza meza, akanivisha miwani.

Nikawa Ulaya. Uwanja wa mawe, maua, watu wakipunga mikono. Mwili niliopewa ulikuwa mwembamba na umevaa suruali, nikamwomba Kabula asimwambie baba yake. Hatua ya nne nikagonga kabati kwa goti, goti langu la kweli. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nilipoingia tena, wanaume wawili walinifuata. Mmoja akaanza kunipapasa kifuani, mwenzake akaziba njia. Nilirudi nyuma, wakaja. Nikawafokea kwa Kisukuma, nikarusha ngumi, sahani mbili za Kabula zilizokuwa juu ya kabati zikavunjika. Kabula ndiye aliyenivua.

"Kwa nini hukuvua mwenyewe, shangazi?"

"Nilisahau kama nimevaa."

Niliisukuma miwani mbali. Kabula aliokota vipande vya sahani, kisha akasema bila kunitazama, "Hata mimi walinifanyia, mwezi uliopita. Sikumwambia mtu."

Saa tisa tulikuwa kituo cha polisi. Askari wa kike wa dawati la jinsia alitusikiliza bila kucheka, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Tukio limetokea wapi, mama?"

"Ulaya."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Somanda, karibu na kabati."

"Mtuhumiwa yukoje?"

"Ana kichwa cha sungura."

Aliweka kalamu chini. Matusi na picha za mtandaoni alisema amezoea kushughulikia. Lakini mwili wa picha kushikwa na mtu asiye na jina, pengine aliye nchi nyingine, hakujua aliite kosa gani.

"Fomu haina nafasi ya hili," alisema. "Nitaliandika hivyo hivyo, nipeleke kwa wakubwa."

Kabula alipoona kalamu inaandika, alivuta kiti, akaeleza na la kwake.

Jioni alitafuta ndani ya miwani akapata kitufe cha kuzuia watu wasikukaribie. Kilikuwemo tangu mwanzo, kimezimwa.

Kesho yake nilirudi Lamadi. Wenzangu walimcheka sungura hadi wakafuta machozi. Nikawaambia nilichojifunza: huko watu wamefika kabla ya sheria, na hofu unayoipata huko unarudi nayo nyumbani.

Mama Shija, jirani yangu wa meza, hakuwa amecheka. Aliniuliza kitufe kile kinakaa wapi, nikamweleza mara mbili. Akafuta mikono kwenye kanga, akaacha dagaa wake bila mtu wa kuwaangalia, akaenda pembeni kumpigia binti yake aliyeko Mwanza.