Nilichokikuta kwenye air cleaner ya sports car ya marehemu mume wangu

Wakuu wa jukwaa la magari, salamu kwenu nyote, wa lami na wa vumbi.

Mimi humu huwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu kifua kimejaa, na haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la mahusiano, ni wa gari kabisa.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Korogwe mjini. Kwetu ni Kwashemshi, Mshambaa. Mume wangu alikuwa Mzigua wa Sindeni kule Handeni, na alikuwa mgonjwa wa magari. Alihangaika miaka mpaka akalipata alilokuwa analiota: sports car ya milango miwili, nyekundu, ya chini, yenye turbo.

Najua mnacheka. Barabara za huku na gari la kukwaruza tumbo wapi na wapi. Hata mimi nilimcheka.

Lakini Jumapili alikuwa ananipakia tunakwenda nalo lami mpaka Mombo na kurudi. Hatuendi kwa mtu, tunaendesha tu. Udereva wenyewe alinifundishia gari hilohilo.

Mume wangu akafariki. Hatukujaliwa mtoto.

Nikaingia eda. Nikiwa nimekaa ndani, mdogo wake, shemeji Athumani, akaja kuomba ufunguo. "Shemeji, gari likikaa sana linaharibika. Acha niwe naliwasha washa." Nikampa. Kumbe kuwasha washa kwenyewe ni kwenda nalo Sindeni, Mashewa, kwenye minada na harusi za watu, anajipitisha.

Likarudi linavutwa kwa kamba. Ukiwasha linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazima. Athumani akaleta fundi wake, akainama kidogo tu, akasema injini imekufa.

Eda ilipoisha, ukoo ukakaa kugawa. Shamba likaenda kwa Athumani. Mbuzi wakaenda kwa wengine. Mimi nikapewa cherehani, ambayo ni yangu nimekuja nayo kutoka kwetu, pamoja na gari. Baba mkubwa wa marehemu ndiye aliyetamka mbele ya wote, "Hicho chuma chakavu mpeni mjane, atajua mwenyewe pa kukipeleka."

Nikashukuru. Wenzangu waliona nimepunjwa, lakini kati ya vitu vyake vyote hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Sasa tuje kwenye ufundi.

Kuna mkuu humu aliwahi kuandika kwamba gari likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu, kabla hujashusha injini angalia kama linapata hewa. Nikasema ngoja nijaribu, la kufa limeshakufa, nitaliua mara ngapi? Cherehani yangu nafungua na kufunga mwenyewe, kwa hiyo bisibisi ninazo.

Nikafungua boneti. Boksi la air cleaner, lile chujio la hewa ya injini, liko pembeni, jeusi, la plastiki, limebanwa na vibanio vya chuma. Nikalegeza pete ya bomba linalokwenda kwenye turbo, nikachomoa soketi ya sensa taratibu, nikafyatua vibanio.

Wakuu, air cleaner ilikuwa imevalishwa nguo.

Kwa wasiojua, huku kwetu wanaopita njia za vumbi, hasa watu wa bodaboda, wana mtindo wa kuifunga air cleaner kitambaa chenye oili ili kinase vumbi. Mwenye pikipiki akirudi anakitoa, anakifua. Athumani alikiweka kwenye gari la turbo na hakukigusa tena. Oili na vumbi jekundu vilikuwa vimeshikana kama udongo wa kukandikia nyumba. Hewa ingepita wapi?

Nikakivuta, nikakikunjua. Upande wa ndani, ambako vumbi halikufika, nikaona mistari ya bluu na pindo nililoshona kwa mkono wangu.

Ulikuwa msuli wa mume wangu.

Ule aliokuwa analalia. Nilikuwa nimeuulizia sana wakati wa eda, nikaambiwa haujaonekana, labda umekwenda na nguo zilizogawiwa. Niliketi hapo uani na mikono yangu ya oili nikalia mpaka jirani akatoka kuniangalia.

Basi nikaendelea na kazi. Karatasi ya air cleaner ilikuwa imelowa oili. Ikifika hapo msidanganywe kuipuliza upepo, ni ya kutupa. Nikaibeba mpaka kwenye duka la spea la familia moja ya Kihindi hapa mjini. Mama mwenye duka akaigeuza geuza. "Hii sina, mama. Gari za namna hii naagiza Dar. Niachie hiyo ya zamani niwatumie picha, wasije wakaleta siyo."

Ikaja na basi. Nikafuta boksi ndani, nikasubiri likauke. Sensa nilinyunyizia dawa yake ya kusafishia, sikuigusa kwa kidole. Nikaweka air cleaner mpya, nikahakikisha mpira wake umekaa kwenye mfereji pande zote, nikabana vibanio, nikakaza pete, nikarudisha soketi.

Nikawasha. Likagoma, likakohoa, likatapika moshi, kisha likanguruma. Nilipokanyaga mafuta, turbo ikapiga ule mluzi wake. Nikaenda nalo Mombo peke yangu na kurudi.

Ningeishia hapo nisingekuwa naandika uzi.

Ikafika khitma ya mume wangu huko Sindeni. Nikaona siyo vizuri siku yake ipite gari lake halijafika kwao. Na kusema kweli nilitaka Athumani alisikie.

Kufika tu, watu wakaacha masufuria wakaja kulizunguka.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mkwe. Kumbe hili gari zima?"

"Nimelitengeneza, baba."

"Nani fundi?"

"Mimi."

Wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimefanya nini.

Baada ya kula, wazee wakasogea pembeni wakawa wanasemezana Kizigua, kana kwamba Mshambaa hawezi kusikia Kizigua. Nilikuwa nasikia kila kitu. Athumani alisema nitaolewa, mwanamume mwingine aje akalie kiti cha kaka yake.

Kisha baba mkubwa akaniita. "Mkwe, siku ile tuligawa chuma chakavu, hatukugawa gari. Gari zima ni la ukoo."

"Baba, si mimi niliyelitengeneza?"

"Mungu atakulipa."

Nikatoa ufunguo mbele ya watu wote waliokula pilau ya mume wangu. Hakuna aliyeinua macho. Athumani aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nikarudi Korogwe kwa kupanda bodaboda na basi. Uchungu ule sijaumaliza hadi leo.

Sasa juzi Athumani kanipigia.

"Shemeji, hujambo? Lile gari limeanza tena kukohoa. Kwani wewe ulilifanyaje?"

Nikajua ameshaivalisha tena kitambaa. Nikamwambia, "Mimi ni fundi nguo, shemeji. Mambo ya magari niyajulie wapi? Mwite yule fundi wako."

Funzo kwa wenye magari: air cleaner usiivalishe kitambaa, na badilisha mwenyewe, siyo kazi ya kukushinda. Funzo kwa wajane wenzangu: ukipewa kitu kwenye mgao, dai maandishi kwanza, ndipo ufungue boneti.

Najua wapo watakaonishauri niende mahakamani, na nimeshaanza kuulizia. Na wapo watakaosema nina roho mbaya, nimwambie tu shemeji atoe hicho kitambaa. Semeni wakuu, nasoma zote, hata za kunichamba.

Ila mjue kwamba air cleaner nyingine nimeshaagiza. Iko kabatini, juu ya ule msuli, nimeufua ukatakata isipokuwa doa moja la oili.

Acha gari life. Likifa ni langu.