Samli kwenye Paji la Mama Leticia

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nane mchana, watu kumi na sita walikuwa wameketi nyumbani kwa Lukasi, Tlawi: wageni saba waliotoka Katesh kuposa, na wenyeji tisa. Aliyekuwa akiposwa ni Leticia. Mama yake, Fabiola, mke wa Lukasi na mkulima wa vitunguu swaumu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, hakuwa ameegemea kiti tangu wageni waingie.

Asubuhi ile alikuwa amekwenda saluni moja ya Mbulu mjini, akachomwa sindano za kuondoa mikunjo katikati ya nyusi. Wageni walipokuja mara ya kwanza, Gaudensia, mama wa kijana, alinong'ona kwa sauti iliyosikika: "Mama huyu amekunja uso. Hataki posa yetu." Fabiola hakuwa amekunja uso, jua la shambani na moshi wa kuni ndivyo vilivyoukunja. Akaazimia kwamba safari hii wasione mkunjo. Mchomaji alipomaliza ndipo alipomweleza kwamba dawa huanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa, na kwamba hadi jioni uso usisuguliwe, dawa isije ikahamia kwenye kope na kulilaza jicho.

Katika ukoo wa Lukasi, posa haikubaliwi kwa maneno. Bibi mzaa baba wa binti humpaka mama wa binti samli kwenye paji, akiisugua kwa dole gumba hadi iishe. Mama naye humpaka binti. Mama asipopakwa, binti hatolewi. Fabiola alilijua hilo tangu alipoolewa. Kwenye kiti cha saluni hakulikumbuka.

Bibi Eufrasia, mama mkwe wake, aliinuka na kibuyu. Dole gumba likakaribia. Fabiola akarudisha kichwa nyuma.

"Umenikwepa?" aliuliza bibi.

"Hapana, mama. Naomba nipakwe jioni."

"Jioni wageni watakuwa wameshapita Dareda!"

Onesphory, baba mdogo wa kijana, alikwishasimama. "Tumeelewa. Kwanza alitukunjia uso, leo amekataa mafuta. Twendeni." Mzee mmoja akamfuata nje, na gari likawashwa. Leticia alimtazama mama yake.

"Kaeni!" alisema Fabiola. "Nimechomwa sindano usoni leo, nisionekane nimenuna. Nimeambiwa nikisuguliwa jicho litalala."

Gaudensia alishika mdomo. "Sindano? Kwa ajili ya neno langu lile?"

"Kwa ajili hiyo hiyo."

"Si ungenitukana tu, dada! Ingekuwa nafuu."

Watu wawili watatu walicheka. Bibi hakucheka.

"Uso huu niliupaka siku uliyoolewa, nao haukunikimbia. Haya, chagua: jicho au binti. Mkono wangu unachoka."

Fabiola alipiga magoti, akauinua uso. Dole lilishuka kwa nguvu hadi kati ya nyusi, likazunguka pale pale palipochomwa, tena na tena. Hakusogea. Bibi alipomaliza, Fabiola alichovya kidole kibuyuni, akampaka Leticia.

Alhamisi iliyofuata kope la kulia liliteremka, likafunika nusu ya jicho. Daktari alisema litainuka lenyewe baada ya majuma kadhaa.

Siku ile ya posa, wageni wawili waliondoka bila kula. Waliobaki mezani ni wageni watano na wenyeji wote tisa.