Jina la Mama Kwenye Jenereta

Admin, nifiche jina, nakuomba. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkaazi wa Amu, huku Lamu. Niliachika, nina binti mmoja. Sasa nimepata mchumba, mwalimu wa shule kutoka Chundwa, mtu mwenye heshima zake, na mama amempenda. Babangu alishafariki, kwa hivyo walii wangu ni kaka yangu mkubwa. Kaka amekataa kuniozesha. Hana neno na huyo mwalimu. Neno lake ni jenereta.

Mimi na kaka tuna duka la vifaa vya umeme. Huku kwetu stima ikipotea, mwenye friji ya samaki analia na mwenye harusi analia, kwa hivyo jenereta ndogo za kubeba kwa mkono hazikai dukani. Miaka yote tulikuwa tukizinunua Mombasa kwa jumla. Mwaka jana nikasema, kwa nini tusiagize wenyewe kutoka Uchina? Nikaanza kuzungumza kwa simu na dada mmoja wa kiwandani, akanitumia picha. Nikaona nyekundu, manjano, buluu, kila moja na jina lake, na baadhi ya majina hayo ni yale yale tuliyokuwa tukimwapia mteja kwamba hili ni bora kuliko lile. Nikamuuliza, tofauti yao ni nini? Akaniambia hizo zote injini ni moja, fremu ni moja, mafundi ni wale wale. Mwenye kuagiza ndiye huchagua rangi ya tangi, maandishi ya kubandikwa na katoni. Kisha akaniuliza, "Wewe unataka tuandike jina gani?"

Nilijiona mjinga. Miaka yote ile tulikuwa tukiuza stika!

Kaka alikuwa na jibu tayari. "Tafuta jina lenye harufu ya Kijapani, hata kama halina maana," akasema. "Na chini yake waandike ufundi wa Japani. Watu wa huku wapenda Japani." Nikamwambia kaka, mashini hii Japani haijaiona hata kwenye ramani. Akasema biashara ndivyo ilivyo, kila mtu afanya hivyo.

Nikakataa. Nimechoka kuwaapia uongo watu tunaozikana nao. Halafu mashini ikiharibika, mteja akabishe mlango wa nani, wa Mjapani asiyekuwepo? Nikamwandikia yule dada jina la mamangu mzazi, hapa tuseme Bi Fulani nisijulikane, na chini yake: Imetengenezwa Uchina, inauzwa Amu. Mji huu kila mtu ajua mlango wa Bi Fulani uko wapi. Kaka nilimwambia. Alidhani namtania.

Zilipofika forodhani zikapakiwa juu ya punda, katoni zikapita mjini na jina la mama kwa herufi kubwa. Kufika alasiri vijana wa barazani washapata la kusema. "Bi Fulani leo hawaki!" "Bi Fulani wangu anywa mafuta sana!" Kaka akaingia nyumbani bila hata salamu.

"Jina la mamangu halitajwi mbele ya wanaume," akaniambia, "na wewe umelitia kwenye mashini ya moshi, labebwa na punda ndia nzima! Huna haya?"

"Haya ninazo, kaka," nikamjibu. "Zilinishika siku uliponiambia niandike Japani."

Mama alikuwa amekaa, anasikiliza. Akaomba aletewe moja aione. Mama amesoma Kurani, maandishi ya kizungu hayajui, basi akapitisha kidole juu ya zile herufi polepole. "Ndimi huyu?"

"Ndiwe, mama."

"Yawaka?"

Nikavuta kamba. Ikawaka mara moja. Mama akacheka mpaka akajifunika uso kwa leso, na mimi sijamuona mamangu akicheka vile tangu tumzike baba. Kaka akatoka, akaubamiza mlango.

Wiki ya pili, nyingine zishauzwa, akatuma sharti lake. Zilizobaki dukani nizikwangue jina. Zilizokwisha kwenda Pate na Kiunga nizifuate huko huko, nyumba kwa nyumba, nizikwangue pia. Ndipo atatoa mkono wa nikaha.

Nilimwambia mchumba wangu, nikitarajia atasema basi, tumalize. Akaniambia, "Bi, ukilifuta hilo kwa ajili yangu, kesho utafuta nini?" Yeye yuko tayari twende kwa kadhi, maana walii akikataa bila sababu ya sheria, kadhi aweza kuniozesha. Nami miguu ishaondoka.

Lakini mama amebadilika. Kila nikipita ananishika mkono. "Mwanangu, likwangue uolewe. Miye jina langu Mungu analijua." Nikimtajia kadhi, analia. Amesema nikimpeleka ndugu yangu wa tumbo moya kwa kadhi kwa sababu ya jina lake yeye, nikahani haji.

Sasa nishaurini, ndugu zangu. Wa kuniambia nikwangue asijisumbue kuandika. Kaka angeona fahari kutajirika kwa jina la uongo, akaona aibu kwa jina la aliyemnyonyesha, na mimi ndiye nisiye na haya? Sikwangui hata herufi moja. Ninachouliza ni hiki: niende kwa kadhi niolewe bila mama kuwepo, au ningoje kaka alainike, na mwalimu naye ni binadamu, atachoka? Nifanye lipi?

Na Admin, ficha jina langu mimi. La mama usihangaike nalo. Stima ikipotea, kuna watu Pate na Kiunga hulitafuta kwa tochi.