Maji ya Dumu la Njano

Leila na Mukantwari walikuwa wanatumia ua mmoja kule Nyakabanda, mlango kwa mlango, na ulikuwa mwaka wa pili sasa hawasalimiani. Kisa kilikuwa harufu. Mukantwari alisema mbele ya wapangaji wote kwamba ndoo za achari za Leila zinanuka kama mguu wa askari. Leila, ambaye achari ya ndimu alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi aliyefika Biryogo na wafanyabiashara wa pwani, hakulijibu neno lile. Alilihifadhi tu.

Kazi yake, achari ya kuuza, ilikuwa hivi. Ndimu alizichana bila kuzitenganisha, akazizamisha siku tatu kwenye maji ya chumvi kali ili uchungu utoke. Maji hayo hakuwa akiyamwaga. Yalikaa kwenye dumu la njano karibu na ukuta, ya kusugulia ndoo. Kisha ndimu alizipaka chumvi kavu, bila tone la maji, na kesho yake alizikuta zimelowa kwa maji yao wenyewe, zimenywea, laini kama ncha ya sikio. Chumvi huvuta maji. Hilo Leila alilijua kwa vidole.

Kiangazi kikaja, mabomba yakakauka wiki nzima. Mukantwari alikuwa na magunia matano ya udongo aliyopandia dodo, mchicha uliokuwa ukiwalisha wajukuu wake watatu. Asubuhi moja Leila, nyuma ya pazia lake, akamwona anachota kwa kopo kwenye dumu la njano, huku akitazama kushoto na kulia. Mukantwari alidhani ni maji yaliyooshewa ndimu tu. Leila akafungua mdomo. Akaukumbuka mguu wa askari, akafunga mdomo, na ikawa hivyo kila asubuhi.

Siku ya nne dodo zikalala. Mukantwari akaona zina kiu, akaziongezea maji yale yale. Siku ya saba majani yalining'inia kama matambara, naye akaenda kumwita Rutayisire, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wao. Mwenye nyumba akaja pia.

"Huyu iko na dawa," Mukantwari alisema. "Magunia yangu yote ameroga. Atoke."

"Ikithibitika, anatoka leo," alisema mwenye nyumba.

Chumba kile Leila alikuwa amekaa miaka kumi na tisa.

"Bi Leila, unasemaje?" Rutayisire aliuliza.

"Naomba vikombe viwili, mzee. Na vijiti viwili vya dodo mbichi, na majani yake, kutoka kwa jirani wa mbele."

"Sasa anatupikia," Mukantwari akadakia, na watu wakacheka.

Kikombe kimoja Leila alikitia maji ya kunywa, kingine maji ya dumu, kila kimoja na kijiti chake. Mukantwari akaanza kuhesabu makosa yote ya Leila, tangu moshi wa jiko hadi ile harufu, na ilimchukua saa nzima na zaidi. Alipomaliza, dodo moja ilikuwa imesimama wima. Ile ya maji ya dumu imeinama hadi kwenye mkono wa kikombe.

"Sasa onja udongo wa gunia, mzee."

Rutayisire akagusisha kidole ulimini, akatema. "Chumvi."

"Upande ule sijatia mguu tangu mwaka juzi. Aulizwe alimwagilia nini, na alichota wapi."

Mukantwari akatazama chini. "Mwizi wa maji machafu," mtu mmoja akasema, na kicheko kikamgeukia yeye.

Rutayisire hakucheka. "Na wewe, ulimwona akichota?"

Leila angeweza kukana. "Nilimwona."

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Na watoto wale uliwajua wanakula nini."

"Dumu ni langu, mzee. Sikumkaribisha."

Kicheko kikaisha. Wale wajukuu watatu walikuwa wamesimama mlangoni kwao, wanamtazama.

"Uchawi hakuna. Abaki," alisema mwenye nyumba, akaondoka. Rutayisire akamfuata bila kuaga. Jirani wa mbele, aliyekuwa akinunua achari kila Ijumaa, akachukua kijiti chake kilichosimama, akaingia ndani bila kumtazama Leila.

Mukantwari aliburuta gunia la kwanza hadi mlangoni kwa Leila, akalimwaga lote, udongo na mizizi.

"Chumvi yako hiyo," alisema. "Chukua."

Leila akasubiri amalize la tano. Kisha akalivuka lundo, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.