Mtoto Niliyekatazwa Kumwimbia

Nilimnyonyesha mtoto wa Kizungu kwa miezi tisa, na ukiacha mara moja tu, kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Wajukuu wangu walipolisikia mara ya kwanza walitazamana, wakadhani bibi yao ameanza kuchanganya mambo. Sikuchanganya. Ninakumbuka mpaka uzito wake mkononi.

Tulikuwa tunaishi Mbozi, katika shamba la kahawa la setla mmoja tuliyemwita Bwana, kabla ya vita ya pili ya dunia. Mume wangu alikuwa nyapara wa vitalu vya miche. Alikuwa amesoma kidogo misheni, akaweza kuandika majina ya vibarua, na kwa hiyo tulipewa nyumba ya udongo chini bondeni, karibu na mto ambako kahawa ilioshwa. Nyumba ya Bwana ilikuwa juu kilimani. Kutoka kwetu tuliona bati lake likimeta.

Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alizaliwa mvua zilipoanza. Mama yangu alikuja kutoka kijijini kwake kunitunza, akakaa. Majuma sita baadaye tukasikia kwamba memsabu, mke wa Bwana, naye amejifungua, mtoto wa kiume, na kwamba ana homa kali. Barabara ya Mbeya ilikuwa matope matupu, malori yamelala njiani, daktari hawezi kufika. Mtoto alipewa maziwa ya kopo, akayatapika yote.

Bwana alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama nje katika mvua. Mume wangu alimkaribisha ndani, lakini hakuingia. Wala hakusema nami, ingawa nilikuwa nimekaa mlangoni na mtoto wangu kifuani. Alimuuliza mume wangu kama mke wake ana maziwa mengi, kama mtu anavyoulizia ng'ombe. Mume wangu alimwomba asubiri, akaingia ndani kuniuliza.

Lazima niseme ukweli: sikulazimishwa. Ningeweza kukataa siku ile na pengine tusingefukuzwa. Mama yangu alisema mtoto mchanga hajui kwao ni wapi, ana njaa tu. Nikamwachia binti yangu, nikajitanda khanga, nikamfuata Bwana kilimani katika matope, yeye mbele na mimi nyuma.

Niliingizwa kwa mlango wa jikoni. Mpishi, Mndali mtu mzima aliyetoka upande wa Ileje, alinipa beseni la maji ya moto na sabuni nyekundu ya dawa, ile iliyotumika kuoshea sakafu. Aliniambia kwa sauti ya chini nimsamehe, ameagizwa. Nilijiosha kifua mara mbili. Nikavaa gauni jeupe lililokaushwa kwa pasi, nikakalishwa ghalani, kati ya magunia ya unga na masanduku ya makopo, uso wangu umeelekea ukutani. Bwana akaniletea mtoto.

Alikuwa mwekundu na mwepesi mno, na nywele zake zilikuwa kama zile za hindi changa. Alilishika ziwa kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Nikasikia Bwana nyuma yangu akivuta pumzi ndefu, na nilipogeuka kidogo nikaona ameufunika uso wake kwa kofia.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikifikiri nimefanya jambo jema. Sijabadili mawazo juu ya siku hiyo.

Homa ya memsabu ilipopungua, ndipo masharti yalipokuja. Nilipanda kilimani mara tano kwa siku. Kila mara sabuni nyekundu kwanza, hata ngozi ikapasuka na kutoa damu, na bado sabuni. Binti yangu asifike kilimani kabisa. Mtu akiniuliza ninafanya nini huko, niseme ninafua mashuka. Mume wangu aliambiwa kwamba siku neno hilo litakapotoka nje, kazi yake imekwisha.

Na nisimwimbie mtoto. Hilo ndilo lililonishinda. Mwanamke akishika mtoto, mdomo wake huanza wenyewe, hausubiri ruhusa. Nilikuwa nikivumisha wimbo wa kwetu, bila maneno, na memsabu aliyekuwa amesimama mlangoni na saa yake alikuwa akigonga mbao kwa vidole.

"Wewe hapana imba," alisema. "Nyonyesha, kwisha, enda."

Nikanyamaza. Mtoto aliacha kunyonya, akanitazama, kama anayeuliza wimbo umekwenda wapi.

Siku moja niligeuka nikamkuta memsabu analia pale mlangoni. Nilidhani ni shukrani, au ni uchungu wa mwanamke ambaye maziwa yake yamekataa, na moyo wangu ukamlainikia. Nilimwambia mpishi hivyo. Aliendelea kumenya viazi. Alisema amemsikia memsabu akimwambia mumewe kwamba anaona kichefuchefu mtoto wake kujengwa mwili kwa maziwa ya mtu mweusi. Mpishi alijua Kiingereza zaidi ya walivyodhani. Nilitamani asingekijua.

Nyumbani binti yangu alipata kilichobaki. Mama yangu alimwanzishia uji mwembamba wa ulezi kabla ya wakati wake, akimtilia mdomoni kwa kidole. Mikono yake ilikuwa imekonda, ngozi ya mapaja imelegea. Mume wangu alimwangalia kila jioni, kisha akatoka nje. Namshukuru Mungu aliishi. Nilipoachishwa kazi ile, ghafla, Jumamosi moja, nikiwa nimeambiwa tu kwamba sasa mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe, nilishuka na kaniki mpya niliyopewa mkononi na kifua kimejaa mpaka kinauma. Binti yangu alinyonya juma zima bila kuniacha. Akanenepa. Akawa mtoto wa kucheka ovyo, mwenye kufuata kuku mpaka wanamchoka.

Yule mvulana nilimwona tena alipokuwa na miaka miwili hivi. Sisi wanawake tulikuwa tunapita kando ya bustani yao tukiwa na vikapu vya kahawa, naye alikuwa na yaya wake. Sijui alikumbuka nini, au kama alikumbuka. Alikuja mbio, akanishika mguu, akaniita mama kwa Kinyiha, lugha ya wenyeji wa Mbozi, kwa sababu yaya wake alikuwa amemfundisha neno hilo. Wenzangu wakacheka. Mimi nilisimama wima na kikapu kichwani, sikuthubutu kuinama, maana memsabu alikuwa barazani. Juma lile lile njia ya vibarua ilifungwa kwa miiba, tukachongewa nyingine ya kuzunguka nyuma ya mabanda ya ng'ombe.

Binti yangu alipotimiza miaka minne alishikwa na kichomi. Kilianza kama mafua, na siku ya tatu mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta hewa. Mtu wa dawa katika zahanati alimsikiliza kifua, akatuambia wazi kwamba yeye hana dawa ya ugonjwa ule, apelekwe hospitali ya Mbeya leo, si kesho. Lori la shamba lilikuwa limekwenda na magunia ya kahawa. Bwana alikuwa safarini. Lakini gari dogo lilikuwepo, na dereva wake alikuwepo, analipangusa vumbi.

Nilimbeba mtoto mgongoni nikapanda kilimani. Sikwenda mlango wa jikoni. Nilikwenda mbele, nikapiga magoti chini ya ngazi za baraza. Memsabu alitoka, mvulana wake nyuma yake. Alikuwa amekua, ana viatu vya ngozi. Nilimweleza kwa Kiswahili changu cha kanisani kwamba mtoto anakufa, kwamba dereva akitufikisha Mbeya nitafanya kazi yoyote atakayoitaka.

Memsabu alimtazama binti yangu. Sisemi hakuona huruma. Niliona uso wake ukitikisika. Kisha akamrudisha mvulana nyuma ya gauni lake.

"Hii gari mtoto yangu napanda," alisema. "Ugonjwa nabaki kwa kiti."

"Memsabu," nilisema, "huyu alimpa mtoto wako maziwa yake."

Dereva aliacha kupangusa. Mpishi alikuwa amesimama pembeni ya nyumba. Memsabu alimtazama dereva, akamtazama mpishi, halafu mimi, na uso ule ambao kidogo ungelainika ukafungika kabisa.

"Wewe nasema uwongo," alisema. "Wewe nafua shuka tu."

Akaingia ndani na mtoto wake, na mlango ukafungwa. Nilibaki nimepiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi nikipanda kile kilima: kutukanwa, kufukuzwa, hata kupigwa. Sikujiandaa kuambiwa kwamba haikutokea.

Mume wangu na wanaume watatu walifunga blanketi kwenye mti mrefu, wakatengeneza machela, tukaondoka muda ule ule. Walikwenda nusu mbio, wakipokezana. Mimi nilikuwa pembeni, nikimshika mtoto asiyumbe, nikimlowanisha midomo kwa kitambaa. Na nilimwimbia. Nilimwimbia zile nyimbo zote, kwa sauti, njiani mchana kweupe, watu wakisimama mashambani kututazama. Aliniomba maji, akauliza kama Mbeya kuna kuku. Baba yake alimwambia wapo wengi. Tulikuwa tumepita Mlowo, jua likiwa bado liko juu, wakati mkono wake ulipolegea ndani ya wangu. Sikuwaambia wale wanaume. Niliwaacha waende hatua nyingine nyingi wakitoka jasho, kwa sababu walipokuwa wanatembea ilikuwa kama bado tunakwenda hospitali.

Bwana alirudi siku ya mazishi asubuhi. Aliposikia, alituma mbao za kutengenezea jeneza, mbao nzuri za kupigwa randa. Sijui alijua kiasi gani cha yaliyosemwa barazani. Mume wangu aliyekuwa mtu mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akimkatalia Mzungu jambo, alizipanga mbao zile vizuri kwenye kichwa cha aliyezileta.

"Mwambie tumeshukuru," alisema. "Tutamzika kwa mkeka wetu."

Tulimzika karibu na mto, walipozikwa vibarua.

Mwaka uliofuata nilizaa mtoto wa kiume. Miezi miwili baadaye memsabu akajifungua tena, na safari hii pia maziwa yakakataa. Alikuja mpishi. Alisimama mlangoni kwetu akizungusha kofia yake mikononi, akasema ameagizwa aniite. Nilimuuliza kama memsabu ametaja jina langu. Akasema hapana, amesema "yule mwanamke wa kufua shuka".

Nilimtazama mtoto wangu aliyekuwa amelala. Nilikuwa na maziwa mengi, yalikuwa yanachuruzika wakati tunazungumza, maana mwili haujui hasira. Nilimfikiria yule mchanga kilimani, ambaye hakunitendea kitu. Maneno ya mama yangu yalikuwa kichwani mwangu kama jana: hajui kwao ni wapi, ana njaa tu.

"Mwambie mashuka yanafuliwa na mtu mwingine siku hizi," nilisema.

Mpishi aliitikia kwa kichwa. Alikawia kuondoka. "Nitamwambia, mama," alisema, na lilikuwa ndilo neno la heshima la kwanza nililolisikia kutoka upande wa nyumba ile.

Mume wangu alipoteza kazi kabla ya juma kwisha. Tulihamia Tunduma, ambako Wanamwanga wa ukoo wa mama yake walikuwa pande zote mbili za mpaka, tukalima, na baadaye nikauza unga na samaki wakavu kwa wasafiri waliokwenda migodi ya Rhodesia. Kwa mwaka mzima nilimuuliza kila aliyetoka Mbozi habari za mtoto wa kilimani. Sikuuliza moja kwa moja, niliuliza habari za kahawa kwanza, habari za mvua, halafu hilo. Mwishowe mwanamke mmoja aliniambia alikuwa msichana, yu hai, mwaka ule barabara ilikuwa kavu na daktari alifika na maziwa ya namna nyingine. Nilikaa chini pale pale sokoni. Nilifurahi, na furaha ile iliniuma, kwa sababu ilinikumbusha kwamba nilikuwa tayari kumwacha afe. Jambo hilo sijalipatia jibu mpaka leo, na nimeacha kulitafuta.

Nilirudi Mbozi mara moja tu, miaka kumi baadaye, kumzika mama yangu aliyekuwa amerudi kijijini kwake. Baada ya matanga nikatembea mpaka shambani. Nyapara mpya, kijana asiyenijua, aliniuliza nataka nini. Nilimwambia nina mtu wangu amelala kule karibu na mto. Akanitazama kwa mshangao, akasema kule hakuna makaburi, kuna kahawa.

Alinipeleka. Ilikuwa kweli. Shamba lilikuwa limepanuliwa mpaka ukingoni mwa mto, miti imefika kifuani mwangu, imenyooka mistari. Mawe tuliyoweka hayakuwepo. Nilihesabu hatua kutoka mtoni kama nilivyoweza, nikakadiria, nikasimama kati ya mistari miwili. Yule kijana aliona aibu, akageukia upande mwingine. Kisha akaniambia kwa upole kwamba Bwana hupita saa hizi kukagua, na mimi si kibarua wa pale, afadhali niondoke.